Hakuna Kuosha

Nitaisema mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa sokoni, maana wale hawawezi kusema neno bila kulitia chumvi. Mimi Nduku, ninayeshika ufunguo wa kioski cha maji hapa mtaani kwetu Kitui, ndiye niliyemnyima Bi Khamisa maji ya kumwosha mtoto wake aliyekufa. Haya, nimesema. Sasa mnipe nafasi niwaeleze Khamisa ni mtu wa aina gani.

Khamisa amezaliwa hapa hapa. Ni babu yake aliyetoka pwani na mzigo wa vitambaa, akaoa, akasahau kurudi. Kikamba anakiongea kuliko watoto wangu, na akitaka kunichokoza huniambia Kiswahili changu kina mawe ndani kama maharagwe ya shule. Asubuhi huuza mahamri mlangoni pake. Mumewe Khalid alipofariki alimwachia vyumba viwili na mtoto mmoja tu, Nasima. Na ana kazi nyingine ambayo halipwi hata senti: anaosha maiti. Mwanamke Mwislamu akifa hapa mjini, au Mwingi, au hata kule Matinyani, anaitwa Khamisa. Alifundishwa na mama mkwe wake, na sasa ameifanya miaka ishirini na sita.

Siku moja tukichambua mchele alinieleza kazi yenyewe. Mwili unaoshwa mara tatu. Kwanza kwa maji yaliyotiwa majani ya mkunazi yaliyopondwa, kisha maji safi, kisha maji yenye karafuu maiti ili mtu aende akinukia. Dini inakubali hata mara moja, kama hakuna budi. "Lakini mimi sijawahi kumpeleka mtu kwa mara moja," akaniambia. "Huyo ni mtu, Nduku, si sufuria." Tukacheka sana. Akiitwa hasemi maiti, wala hasemi mazishi. Husema tu, "Naenda kuosha." Mtaa mzima tunajua maana yake, na mimi najua kuliko wote, kwa sababu ni mimi huachiwa beseni la mahamri nimuuzie.

Basi mwaka huu mvua ya Novemba ilitudanganya, na bwawa likabaki matope. Manispaa ikatoa karatasi ya masharti, kurasa mbili nzima. Musyimi, katibu wa kamati yetu ya maji, akapewa rangi nyekundu ayaandike ukutani mwa kioski. Ukuta ni mdogo, na Musyimi ana herufi kubwa. Karatasi ilikataza kuosha magari, mazulia na veranda. Yeye aliandika: MAJI NI YA KUNYWA NA KUPIKA. HAKUNA KUOSHA. Kila boma lina kadi, mitungi miwili kwa wiki, wengine Jumanne, wengine Ijumaa.

Watu wakajifunza haraka. Ukiuliza maji ni ya nini, ni ya kupika. Hata Ndululu, anayeosha pikipiki kule stendi, alikuwa anapika, eti! Mtu mmoja, hana mke, hana mtoto, anapika mitungi minne, na kadi yake ni ya miwili. Nami nikampa, kwa sababu alitaja neno lililo ukutani. Ningefanya nini? Kamati ilikuwa imeniambia nikikosea mara moja ufunguo unaenda kwa mwingine.

Nasima alikuwa mgonjwa wa figo tangu mwaka juzi. Mama yake alimpeleka hospitali kusafishwa damu, akamrudisha, akampeleka tena, mahamri yote yakaishia huko. Ile Alhamisi alilazwa. Hilo nililijua. Nilikuwa nimesema nitaenda kumwona Jumapili baada ya kanisa.

Ijumaa asubuhi laini ilikuwa ndefu mpaka kwa kinyozi. Wanawake wawili walikuwa wameshatukanana, mmoja akanitukana na mimi, na jua halijapanda hata. Nilikuwa na hasira, sitadanganya. Khamisa akatokea pembeni na mitungi mitatu mitupu, hakupanga laini. Kadi yake ni ya Jumanne. Maji yake ya Jumanne aliyamaliza kumwosha bibi mmoja wa watu, hilo pia nililijua.

"Mama Nasima, leo si siku yako," nikamwambia.

"Najua. Nisaidie, Nduku."

"Ni ya nini?"

"Ya kuosha," akasema polepole.

Woi! Angesema ya kupika ningempa. Angesema ya chai ningempa. Lakini alisema lile neno, na lile neno lilikuwa limeandikwa nyuma ya kichwa changu kwa rangi nyekundu, na watu mia wananiangalia. Nikapaza sauti. "Hata wewe, Mama Nasima? Kwani hujui kusoma? Hakuna kuosha!"

Watu wakaangua kicheko. Baadaye nilielewa kwamba mtoto alikuwa amekata roho hospitalini alfajiri, na mama mtu alikuwa hajapata kulitamka neno hilo kwa mtu yeyote, sembuse mbele ya watu wanaocheka. Akaokota mitungi yake, akaenda. Nami nikasema, "Mwingine!"

Saa sita nilipofunga, Kanini wa kuuza sukuma wiki akanijia akijifuta macho. "Kumbe Nasima ameenda. Wanazika baada ya sala ya Ijumaa."

Sijui nilifungua tena mfereji saa ngapi. Nilijaza mitungi mitatu bila kadi ya mtu, masharti yaende huko, nikaipakia kwenye mkokoteni na kuusukuma mwenyewe, kanga ikidondoka njiani. Nikafika nikihema. Wanawake walikuwa wamekaa uani. Msikitini tangi lilikuwa kavu wiki ya tatu, kwa hiyo walipita mlango kwa mlango wakiomba kikombe, birika, nusu chupa, chochote kilichokuwa ndani. Vikaungana vikawa beseni moja.

Khamisa alikuwa kwenye mkeka, mikono bado imelowa. Akaiona mitungi mlangoni.

"Sanda imeshafungwa, Nduku."

Nikapiga magoti. "Dada, mbona hukuniambia ni Nasima?"

"Uliniuliza ni ya nini, nikakwambia."

Hakusema kwa ukali. Afadhali angenipiga kofi. Nikamuuliza, sijui kwa nini nilimuuliza, amemwosha mara ngapi.

"Moja." Akatazama mikono yake. "Watoto wa watu wote nimewaosha mara tatu. Wangu, moja." Hapo ndipo alipolia, na mimi nikalia naye, na hakuuondoa mkono wangu begani mwake.

Jeneza lilipotoka na wanaume, alinigeukia. "Hayo maji warudishie waliotoa. Walitoa ya kunywa."

Nikaenda na mkokoteni na kikombe, nyumba saba. Ya mwisho ni ya Mama Mikail, ambaye hakuweza kuja msibani kwa sababu mtoto wake ana homa. Ni yeye aliyekuwa ametoa maji yote ya birika. Nilipomjazia birika na sufuria juu yake, alishangaa.

"Haya yametoka wapi?"

"Kwa Khamisa," nikasema.

"Yamebaki?"

"Yamebaki."

Akashika kifua, uso ukamtulia. "Alhamdulillahi," akasema. "Basi Nasima ameoshwa vizuri, mpaka maji yamebaki."