Mstari Mmoja kwenye Kijiti cha Chaza

Mke wangu anapima chaza. Akimaliza chaza anampima mumewe, na mimi sijawahi kufaulu. Sokoni wanamwita Mama Kijiti. Chumba chake cha kazi ni kama stoo: meza, mashine ya kusagia, sinki linalovuja, na dirisha lisilo na pazia. Pazia lenyewe niliahidi kulitundika kabla mtoto wetu wa pili hajazaliwa. Sasa wako wanne.

Kazi yake ni hii. Baharini kuna vijimea vyenye sumu, vidogo hata macho hayavioni. Chaza anavila, wala haumwi hata jino. Ukimla chaza huyo wewe, midomo inakufa ganzi, halafu pumzi inakata, na hata umchemshe mpaka kesho sumu iko palepale. Basi mke wangu anasaga nyama, anachanganya na dawa, anadondoshea matone kwenye kijiti, anasubiri mistari. Bila sahihi yake chaza hawauzwi, hata muuzaji akiwa mimi. Hasa akiwa mimi.

Siku moja alikuwa anapima chaza wangu, akaitwa na bosi kabla kijiti hakijajibu. Mlangoni akageuka, "Usiguse kitu."

Nusu saa ikapita, nikachungulia. Mstari mmoja. Jamani, mimi ni baba wa watoto wanne! Vijiti vya mistari utanifundisha nini? Mmoja, hakuna mimba, miwili, umekwisha. Mabeseni ya kuuza nikayaacha yangoje sahihi, nikabeba bakuli moja la chaza kwenda nyumbani. Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea, na miaka kumi na tisa ananiita mchoyo. Leo atakoma, nikasema. Nikawapika chaza mwenyewe, nikampakulia sahani ikajaa.

Ananyanyua tu kijiko, simu ikalia.

"Baba watoto, lile bakuli umelipeleka wapi?"

"Liko mezani. Tulia, mstari ni mmoja."

"Mmoja ndiyo sumu! Miwili ndiyo salama! Mama amekula?"

Nilimpokonya mama mkwe kijiko kikiwa kimeshagusa mdomo, sahani nikaimwaga kwenye ndoo ya taka.

"Mama, umemeza?"

"Nimeze nini, umeniacha?" Akanitazama juu mpaka chini. "Mchoyo wewe! Unampora mzee kijiko mdomoni!"

Mke wangu akaingia anahema, kiatu kimoja mkononi. Akamshika mama yake mashavu, akamwuliza kama midomo inamwasha. Haimwashi. Akakaa chini sakafuni, akalia kwa sauti.

"Unalia nini?" mama yake akamwambia. "Nilikuonya tangu siku ya kwanza."

Mke wangu akanitazama. Neno moja tu lingetosha kunimaliza, nami nilistahili. Akafuta machozi.

"Kweli, mama," akasema. "Ni mchoyo sana."

Kabla jua halijazama nilikuwa nimeshatundika pazia.