Maombi ya Seremala Kusomea Tiba kwa Vitendo

Saa moja na nusu asubuhi, siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Kitengo cha Utengamao alinikabidhi kijiko cha chai akaniambia nikitengenezee mpini mnene. Hakusema mnene kiasi gani, wala kijiko ni cha nani. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, seremala kutoka Mlandizi, nimezoea vitanda na milango, na hospitali moja ya Kibaha ilikuwa imeniajiri kama fundi wa karakana. Nilidhani ananipima ufundi.

Nilichagua kipande cha mninga, nikakichonga, nikakipiga msasa mpaka kikawa laini kama kimepakwa mafuta, kisha nikamalizia na vanishi. Kesho yake ilipokauka nilimpelekea. Alikigeuzageuza kile kijiko, akasema, "Kizuri. Ukikipeleka Kariakoo utakiuza." Akanichukua mpaka wodini, kwa mama mmoja ambaye vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa baridi yabisi, akampa. Kikateleza. Mama akakiokota juu ya shuka, kikateleza tena, akanitazama kana kwamba yeye ndiye mwenye makosa.

"Umeona?" Mkuu aliniuliza tulipotoka.

"Nimeona, Madamu. Ni vanishi."

"Sikuulizi vanishi. Nakuuliza kama umemwona yule mama."

Nilirudi karakana, nikaikwangua vanishi, nikauzungushia mpini kipande cha tyubu ya baiskeli. Mama yule alikula uji mwenyewe jioni ile. Mimi lakini nilikuwa nimebaki na swali la Madamu, na nililielewa vizuri miaka mingi baadaye.

Madamu, kama tulivyomwita sote, alikuwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Naeleza kwa ajili ya vijana, maana hata leo wengi hudhani ni jina lingine la mazoezi ya viungo. Mtaalamu wa viungo hushughulika na msuli na kiungo: kinyooke, kipate nguvu, kibebe uzito. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo huanzia kwingine. Huuliza mtu huyu alikuwa akifanya nini kabla hajaugua, na anatamani kurudia nini. Kufunga vifungo vya shati, kushika chaki, kutawadha, kukuna nazi. Kisha huivunja shughuli hiyo vipande vipande, na huo ndio uchambuzi wa shughuli. Kukuna nazi, kwa mfano, kunataka mtu akae juu ya mbuzi bila kuyumba, ashike kifuu kwa mikono miwili, asukume kwa bega na kuzungusha kwa kifundo cha mkono. Ukishajua ni kipande kipi kimemshinda, ama unakitibu, ama unatafuta kifaa cha kuziba pengo. Kazi yangu ilikuwa hicho kifaa.

Kibaha nilitengeneza viti vya watoto wenye mtindio wa ubongo, vyenye kishikizo cha kifua na pedi ya kutenganisha magoti. Nilitengeneza mabanzi ya kunyoosha viganja, na mbao za kumhamishia mgonjwa kutoka kitandani kwenda kwenye kiti cha magurudumu. Nilijifunza kupima mtoto akiwa amekaa, si akiwa amelala, kwa sababu nyonga hubadilika. Madamu alikuwa na vitabu vyake vya chuo kwenye rafu, kurasa zimelegea. Nilivisoma wakati wa chakula cha mchana nikiwa na kamusi. Alinikuta mara kadhaa, na siku moja nilikuta ameacha juu ya benchi langu la kazi kile kinachohusu mishipa ya fahamu ya mkono.

Baadaye nilihamishiwa Kisarawe. Mganga Mfawidhi, yaani daktari mwenye dhamana ya kituo, alinipokea kwa ufupi. "Fundi, hapa mtaalamu hatuna. Tunaye wewe na mbao zako. Madamu atakuja na kliniki ya mkoba kila mwezi, akiondoka unaendelea na alichokuagiza."

Kazi yangu iliyobaki karibu yote niliifanya huko, nikizunguka vijiji vya Chole na Msimbu kwa pikipiki ya kituo, na vifaa vimefungwa nyuma kwa mpira.

Msimbu nilikutana na Mzee Pazi, mkulima wa mihogo na korosho aliyepigwa na kiharusi upande wa kulia. Vitabu vilisema wazi: mkono mmoja ukipoteza kazi, ufundishe mwingine. Nilimtengenezea sahani yenye ukingo upande mmoja ili chakula kisimwagike akila kwa kushoto. Niliipima vizuri. Mwezi mzima sahani ile ilikaa juu ya kabati. Mkewe alikuwa akimlisha, naye alikuwa anakula matonge mawili na kufumba mdomo. Alikonda mpaka kola ya kanzu ikampwaya. Nyumbani walijua ni ugonjwa umemkatia hamu.

Madamu alipokuja na kliniki nilimpeleka kwa Mzee Pazi. Yeye Mnyamwezi, mzee Mzaramo, kwa hiyo utani ulianza kabla hajaketi.

"Shikamoo, baba. Nimeambiwa huku kuna Mzaramo amesusa ubwabwa. Nikasema haiwezekani, nikaone mwenyewe."

"Marahaba. Na wewe Mnyamwezi umetembea na mzigo kichwani kutoka kwenu, uje kunifundisha kula?"

"Nimekuja kukuzika, baba. Nyie si mnatuachia watani tufanye kazi zote msibani."

Mzee alicheka kwa upande mmoja wa uso. Madamu akamnyooshea mkono wa kushoto kumsalimia. Uso wa mzee ukabadilika.

"Unanipa mkono wa chooni?"

"Si ndio ulio mzima?"

"Mwanangu, huu una kazi yake tangu nikiwa mtoto. Bora nife na njaa."

Na akiwa amekasirika hivyo, ili amwonyeshe mtani wake jinsi watu wanavyosalimiana, Mzee Pazi aliusukuma mbele mkono wa kulia. Bega lilipanda. Kiwiko kikafunguka kidogo. Vidole havikufanya kitu, lakini mkono ule, ambao mimi niliupima kwa futikamba nikaandika kwamba haufai, ulikuwa umefika nusu ya njia. Madamu akaudaka kwa mikono yake miwili na kuushika. Hakuwa anatania tena.

"Bega lipo," aliniambia bila kugeuka. "Kiwiko kipo. Kinachokosekana ni kushika tu. Fundi, unaweza kumpa kushika?"

Nilishona mkanda wa turubai wa kuvaa kwenye kiganja, wenye mfuko mdogo wa kuchomekea kijiko. Mzee aliuangalia kwa mashaka.

"Ugali kwa kijiko?"

"Kwa mkono wa kulia," Madamu alimjibu.

"Haya. Lete."

Mimi ni Mzaramo na Mwislamu, mtoto wa Mlandizi. Habari ya mkono wa kushoto hakuna aliyehitaji kunifundisha. Lakini kujua mila si sawa na kujua kwamba mtu akitaniwa ipasavyo mkono wake utasema ukweli, na kulitambua bega likipanda kwa upana wa vidole vitatu ndani ya kanzu. Elimu ile ilikuwa kwake, si kwangu. Tukiwa njiani kurudi nilimwambia ninataka kuyapata macho yale.

"Si macho," alisema. "Ni shule. Miaka minne. Kasome, fundi."

Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne chenye ufaulu hafifu, bila Kemia. Nikajiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikaanzia hapo. Somo la Kemia lilinikwamisha kwenye majaribio ya maabara, kwa kuwa maabara huwezi kuisomea kitandani. Mwalimu mmoja wa Kibaha aliniruhusu niingie na wanafunzi wake Jumamosi, nami nikamlipa kwa kumtengenezea stuli. Watoto waliniita "baba wa tatu bila", kwa sababu nilipopima titresheni mara ya kwanza nilikosea zote tatu. Baada ya kidato cha nne nilirudia safari ileile kwa kidato cha sita: Fizikia, Kemia, Baiolojia. Matokeo yaliyonifikisha kwenye sifa za chuo yalitoka nikiwa na miaka arobaini na tisa.

Nikaomba shahada ya tiba kwa vitendo. Nilijaza kwenye steshenari moja hapa Sofu, Kibaha, tunapoishi, nikalipa ada ya maombi, na majina yalipotoka nilikuwa nimechaguliwa. Nilisoma jina langu kwenye kioo cha kompyuta, nikamwomba mwenye steshenari alisome na yeye kwa sauti.

Kilichobaki kilikuwa ruhusa ya masomo. Afisa Utumishi wa wilaya alikuwa na umri wa mdogo wangu wa mwisho. Aliniamkia kwa heshima, akaniwekea kiti.

"Mzee, hongera sana. Lakini kada yako ni nini?"

"Fundi sanifu, useremala."

"Na unakwenda kusomea?"

"Tiba kwa vitendo."

"Hiyo ni kada ya afya. Ruhusa inatolewa mtu ajiendeleze ndani ya kada yake. Nikiandika kwamba seremala ameenda kusomea utabibu, nitaulizwa mimi." Alikuna shingo. "Kama ungeomba ujenzi, mzee wangu, leo hii ningesaini."

Nilimweleza habari ya mabanzi na viti, na mikanda ya viganja. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Aliniambia njia ipo moja tu, kuacha kazi, na kwamba nikiacha kabla ya umri wa kustaafu kwa hiari, pensheni nisiitegemee.

Mama Zuhura, mke wangu, alinisikiliza huku anageuza vitumbua vyake vya biashara. "Nenda," alisema. "Niliolewa na wewe, sikuolewa na mshahara. Tena mshahara wenyewe huo." Alikuwa anasema kweli, na angeweza kuvumilia. Lakini Zuhura alikuwa anaingia kidato cha tano na mdogo wake yuko nyuma yake, na vitumbua vilikuwa vitumbua. Mwombaji aliyechaguliwa hutakiwa kuthibitisha nafasi yake kwenye mfumo kabla dirisha halijafungwa. Sikuthibitisha.

Madamu alikuwa amestaafu na kurudi kwao Tabora. Alinipigia kuuliza kama nimepanga safari. Nilipomwambia, nilisubiri anitanie Uzaramo wangu, kama alivyonitania kwa kila kitu tangu tufahamiane. Siku hiyo hakunitania. Alisema, "Haya, fundi," akauliza hali ya mke wangu, akakata.

Nilifanya kazi miaka sita zaidi. Nilikuja kumpokea Kisarawe mtaalamu wa kwanza wa tiba kwa vitendo, binti mwenye shahada ile ile. Alifanya kazi safi. Nilisimama nyuma yake mara nyingi kuliko ilivyohitajika, nikijifanya natafuta futikamba, ili nione anachokiangalia mgonjwa anapoingia mlangoni. Alitazama miguu kwanza. Sikuwahi kumuuliza kwa nini, na sasa natamani ningeuliza.

Mwaka huu nimestaafu kwa hiari. Vijana niliokuwa nikiwasomesha sasa wanajitegemea. Watu huniuliza nimekumbuka nini zaidi, wakitarajia nitaje karakana na harufu ya mninga. Hivyo ninavyo, banda langu liko nyuma ya nyumba. Ninachokikumbuka ni kitu ambacho sikuwahi kuwa nacho. Nikienda dukani namwona jirani anapokea chenji kwa kiganja kilichopinda, najua kuna kitu pale, najua hata jina la mshipa, lakini hapo najua nimefika mwisho wa ninachokijua. Namwangalia anavyoondoka. Madamu angejua afanye nini, na mimi ningekuwa nimejua, kama ningesoma.

Mstaafu haombi ruhusa ya kada. Dirisha la maombi lilipofunguliwa nilijaza tena, safari hii mwenyewe, kwa simu, nikiwa nimevaa miwani. Majina ya awamu ya kwanza yalipotoka langu halikuwemo. Nafasi za kozi ile ni chache na waombaji wana alama kubwa kuliko zangu. Mama Zuhura alisoma orodha yote kuanzia juu hadi chini, akanirudishia simu, akaenda kukoroga unga wa vitumbua vya kesho.

Awamu ya pili imefunguliwa wiki hii, na nimeomba. Ada ya maombi hulipwa upya kila unapoomba, na hairudishwi. Pamoja na ile ya mwaka niliochaguliwa, zimeshafika shilingi elfu thelathini.