Karatasi ya Maabara na Meno ya Gia

Walimwita Bubu, ingawa ulimi alikuwa nao. Miaka kumi na tisa alikuwa fundi wa timu ya mbio za baiskeli, na watu wakija na maneno mengi yeye huinamia gurudumu.

Asubuhi hiyo kocha aliingia karakanani na karatasi ya majibu ya maabara, daktari wa timu nyuma yake. Wiki sita kabla, waendeshaji wote walitema mate kwenye vichupa yakapimwe vinasaba.

"Mpwa wako ana misuli ya kasi fupi," kocha alisema. "Si wa milima huyo. Mbio za mlima za Jumapili anakwenda mwenzake. Mfungulie gia zake za mlima."

Binti wa dada yake alisimama mlangoni, kofia ngumu kwapani.

"Fungua tu, Mjomba. Nitabishana na mate yangu mwenyewe?"

Bubu akashika spana, mkono ukagoma. Akinyamaza, mtoto ameachwa. Akazitoa gia za binti, akaziweka mezani kando ya zile za mwenzake.

"Tazama meno, kocha." Sauti ilikwaruza kama chuma kisichotiwa grisi. "Wa kasi fupi hula meno ya gia ndogo. Huyu kamaliza ya gia hizi kubwa, za kupandia."

"Spana yako imesoma hadi darasa la ngapi?"

"La saba, kama mwenyewe."

Daktari peke yake alitabasamu. "Kinasaba hicho ni kimoja kati ya vingi," alisema. "Kinaashiria, hakihukumu. Niliandika hapo chini, ila watu husoma juu tu."

"Meno kulika ni ushahidi kwamba amepanda sana," kocha alijibu, "si kwamba amepanda vizuri."

Bubu akapitisha kidole kwenye meno yaliyolika. Kweli ilikuwa kweli.

"Basi kiulize kilima," akasema. "Wapande wote wawili."

Kocha akatazama saa. "Sasa hivi. Wa kwanza kileleni ndiye wa Jumapili."

Bubu akazirudisha gia, akakaza, akajaribu, akakaza tena. Ikilegea huko juu, lawama ni yake.

Kileleni kocha alichora mstari, wakasubiri. Kwenye kona ya mwisho mwenzake alichomoza mbele, binti nyuma yake, mdomo wazi. Hatua ishirini kabla ya mstari binti akampita, akauvuka wa kwanza, kisha akaanguka majanini akitapika.

Kocha akakunja karatasi. "Jumapili anapanda yeye."

Bubu akaenda kumshika mpwa wake bega.