Baiskeli Iliyosaga Ulezi

Kabla ya kuhamia kijiji cha ujamaa, Wilibrodi alijulikana kwa baiskeli yake. Alishuka nayo bondeni hadi Mtowisa, akapanda nayo tena akiisukuma, samaki wakavu wamefungwa nyuma. Mwaka ule tuliohamia, mkewe Kalista aliteleza kisimani na mtungi wa maji, na bega lake la kulia halikurudi kuwa kama zamani. Kupepeta aliweza. Kupika aliweza kwa taabu. Kusaga hakuweza.

Flavian, mtoto wao wa kwanza, alikuwa kazini Mbeya, na mabinti walikuwa wameolewa mbali. Kalista akawa anapeleka kikapu cha ulezi kwa jirani yake Bertilla na kurudi na unga. Bertilla hakunung'unika hata mara moja, na nadhani hilo ndilo lililomuumiza Kalista zaidi. Akaanza kula kidogo ili unga uchelewe kwisha.

Wilibrodi aliiona sahani ya mkewe. Akaifungua baiskeli.

Masika yote alikuwa uani akigonga. Aliifunga baiskeli kwenye magogo ili isiende popote, akavua tairi la nyuma, na kwenye gurudumu akapitisha mkanda alioufuma kwa vipande vya tyubu. Mkanda huo ulizungusha jiwe la mviringo juu ya jiwe jingine. Ulikatika, akafuma tena. Mawe yaliruka, akayachonga upya. Siku mashine ilipozunguka bila kugoma, alimwita Kalista mbele ya majirani waliokuja kutazama.

"Mama Flavian, njoo. Bega halina kazi hapa. Ni miguu tu."

Kalista alikitazama kiti, kisha akaitazama khanga yake.

"Nipande hapo? Nitanue miguu mbele ya watu?"

Wanawake waliangua kicheko. Wilibrodi alikuwa amefikiria mnyororo, mkanda na mawe kwa miezi. Kwamba msagaji ni mwanamke, na kwamba kwetu mwanamke hapandi baiskeli, hakuwa amelifikiria hata kidogo.

"Basi panda wewe, baba," akasema Theodory, balozi wetu wa nyumba kumi. "Tukuone unavyosaga!"

Wanaume wakacheka kuliko wanawake. Wilibrodi akaifunika mashine kwa gunia na kuingia ndani.

Ilikaa hivyo mpaka mavuno. Kisha asubuhi moja Kalista alichukua kikapu chake, akafika mlangoni, akasimama. Hakutoka. Alikaa chini na kikapu mapajani, kama mtu aliyesahau anakokwenda.

Wilibrodi aliondoa gunia, akapanda kitini.

"Lete huo ulezi."

"Watu wanapita, Baba Flavian."

"Wapite."

Akaanza kukanyaga pedali. Kalista alimwaga punje kwa mkono wa kushoto, akachota unga uliotoka, akausugua kati ya vidole.

"Polepole! Unauunguza. Na bado una chenga, sogeza jiwe."

Akasogeza. Kalista akaujaribu tena, akamwaga punje nyingine, na mumewe akajua umekubali.

Theodory alipita na jembe begani. Akainama kwa adabu zote.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, mwanangu," Wilibrodi akajibu bila kusimamisha miguu. "Mkwe wangu hajambo?"

Jina la Mama Wilibrodi lilimganda, akaacha kulipinga. Nyumbani kwao Kalista alikula akashiba. Bertilla ndiye sasa aliyeletewa unga, akaupokea kwa haya ileile aliyokuwa nayo Kalista.

Kabla ya mvua mke wa Theodory alipata mtoto. Siku chache baadaye Theodory alimtuma binti yake mdogo kwa Kalista na kikapu cha ulezi kichwani. Wilibrodi akainuka kwenda kwenye mashine. Kalista akamzuia kwa mkono wake mzima.

"Kaa, umechoka," akasema, kisha akamgeukia mtoto. "Mwambie baba yako unga nitaupima mimi. Lakini miguu alete mwenyewe."

Theodory alikuja jioni ile ile, jua lingali juu. Alitazama njia upande huu na upande ule, akapanda. Kalista alimmwagia punje, akachota, akasugua.

"Una chenga," akamwambia. "Endelea."