Faranga za Edmond

Mwaka 1974 mashini ya Namegabe ya kusaga unga, pale Katoyi mjini Goma, ilinyamaza, na fundi akasema pompe ya mazout, ile pampu ya dizeli, imekufa. Nyingine ilikuwa Kigali tu, dukani kwa Twagirayezu, aliyetuma neno kwamba ataitunza hadi Jumamosi saa sita mchana. Baada ya hapo, mwenye pesa mkononi aichukue. Tayari wateja walikuwa wakipita mlangoni na vikapu vya muhogo mkavu kichwani, bila hata salamu, kwenda kwa mshindani wake wa Katindo.

Namegabe alikuwa mtu wa kusoma, na mahali fulani alisoma kwamba mstaarabu hasafiri nchi ya watu na pesa mfukoni. Jumatatu akavuka mpaka hadi Gisenyi, akabadilisha zaïre zake zote kwa faranga za Rwanda, akaziweka katika benki moja ndogo na kuomba hati ya kulipwa pesa hizo Kigali. Abiria wenzake washike mifuko yao; yeye atasinzia njia nzima.

"Jina?" karani akauliza.

"Namegabe Mushagalusa."

"La ubatizo?"

"Kwetu yalifutwa na serikali, bwana. Sasa ni mwaka wa pili. Hata padri anatuita kwa majina ya mababu."

"Hapa hayajafutwa. Muzee muzima hivi hana jina la ubatizo? Nafasi hii haiwezi kubaki wazi."

Namegabe akaandika Edmond, jina lake la ubatizo, na hakuhitaji kusukumwa. Ukweli ni kwamba alifurahi. Tangu lifutwe, hakuna aliyemwita hivyo isipokuwa mkewe, tena akiwa amekasirika.

Jumanne, karani wa benki ya Kigali aliitazama hati, akaitazama karatasi ya safari, kisha akautazama uso.

"Edmond ni nani?"

"Ni mimi."

"Kwa karatasi yako hayuko."

"Hawezi kuwamo. Amekatazwa."

"Sasa nimulipe mutu aliyekatazwa?"

Kwenye foleni watu wakaangua kicheko. "Muzee," mmoja akasema, "mwambie Edmond aje mwenyewe!"

Namegabe akarudi Goma. Jumatano padri alimwandikia cheti cha ubatizo, akamsihi asikioneshe mpakani. Nyumbani, mkewe Domitille alimwekea bugali, akaketi kumtazama.

"Edmond, pesa ziko salama?"

"Salama kabisa. Hakuna mwizi anayeweza kuzitoa."

"Na wewe?"

Namegabe akaomba chumvi.

Alhamisi, Kigali tena. Karani alikisoma cheti taratibu, kwa heshima zote.

"Hiki kina jina, hakina picha," akasema. "Ile ina picha, haina jina. Rudi Gisenyi, papa. Aliyetuma anaweza kurudishiwa."

Ijumaa, karani wa Gisenyi alimtambua kutoka mlangoni. "Edmond! Habari ya Kigali?" Kwa bahati mbaya, sahihi ya kurudisha pesa ni ya mkubwa, na mkubwa ameenda kwenye harusi. Jumamosi saa tatu mkubwa akatokea, macho mekundu, akatia sahihi. Benki ilikata ada mbili: moja ya kutuma, nyingine ya kutotuma.

Namegabe akapanda basi na faranga ndani ya shati, kiganja kifuani kama mtu anayeapa mbele ya hakimu, na hakufumba jicho hadi Kigali. Alipoingia dukani ilikuwa saa tisa.

Twagirayezu alisimama kumpokea. Hakuwa mtu mbaya.

"Papa, nilikungoja hadi saa sita, vile nilisema. Saa sita na robo akaja mutu wa Ruhengeri, pesa mkononi."

"Saa sita na robo."

"Nyingine itatoka Ulaya. Miezi mitatu, labda mine." Akamtazama Namegabe, ambaye bado alikuwa ameshika kifua, akamvutia kiti. "Acha pesa hapa, nikuandikie risiti. Ikifika ni yako, hakuna wa kukutangulia. Kutembea na pesa nyingi hivyo barabarani si vizuri."

Akafungua kitabu cha risiti, akajaribu kalamu pembeni mwa ukurasa.

"Namegabe. Na la ubatizo?"

Namegabe, aliyetumikia misa altareni miaka saba na kufunga ndoa mbele ya askofu, akaitoa karatasi yake ya safari na kuilaza juu ya meza.

"Andika Mushagalusa," akasema. "Mimi sikubatizwa."