Nilimuua Mama Mave mu Liste, na Alikuwa Hai

Kosa ni yangu. Naisema mbele ya yote, juu majina ya wengine itafuata na sitaki mutu aseme nilijificha nyuma yao.

Asubui moja Mama Mave aliingia mu bureau kwenye nilikuwa nafanya kazi, hapa Bunia, akasimama mbele ya meza yangu. Alikuwa muzima. Jasho kwa uso, viatu na matope, kitunga ya majani ya sombe kwa mukono. Na miye nilikuwa nilisha kuandika mu liste ya watu walipotea kama alikufa.

Aliniita na jina ya mutoto yangu ya kwanza, vile tunaitana kwetu, Baba wa fulani. Sitaiandika hapa ile jina. Tangu vita hakuna mutu aliniita vile.

— Ni weye kweli? Unazeeka hivi! Banakulisha nini hapa, makaratasi?

Alicheka mwenyewe. Kuisha akauliza:

— Banasema mutoto yangu banamuona ku Niania. Mave yangu. Atafika siku gani?

Sikusimama. Sikumupa mukono. Nilibaki naangalia mashini ya kompyuta. Wiki mbili kabla ya hapo, watu wa kazi yetu ku Niania walisoma liste yenye nilituma, wakamuita ule musichana, wakamukalisha, wakamuambia: mama yako alikufa.

Ee Mungu! Naandika hii na mwandiko yangu iko muzuri kama kila siku. Njo kitu inaniogopesha.

Nirudi nyuma.

Siye tulikuwa watu wa kando ya Nizi. Kati ya nyumba yangu na ya Mama Mave kulikuwa shamba moja ya muhogo, basi. Siku walituchoma manyumba, nilipita nakimbia mbele ya mulango yake, nikaona mwanamuke amelala kifudifudi, amevaa kikwembe ya wamama wa chapelle, kanisa yetu ndogo, ile ya bluu na njiwa. Sikumugeuza. Nani anasimama kugeuza maiti siku kama ile! Nilisema mu roho, Mama Mave ameisha. Nikaendelea na mbio.

Wamama wa chapelle walikuwa zaidi ya makumi mbili. Wote walishona ile kikwembe moja kwa sikukuu, na kisha sikukuu waliivaa ata kwenda shamba. Nilijua. Bibi yangu, mama ya watoto yangu, alikuwa nayo. Lakini mu kichwa yangu, miaka yote, ile kikwembe mbele ya ile mulango ilikuwa na jina moja tu.

Kisha vita ikapoa. Sisemi iliisha, nasema ilipoa, kama jivu yenye huwezi kutia mukono. Bureau moja ikafunguliwa hapa mu muji, ya kutafuta watoto walipotea, na wazazi yao. Miye nilifika darasa ya ine ya primaire tu, lakini niko na mwandiko muzuri na najua watu kwa majina yao na ya babu zao. Wakanipa kazi.

Tulikuwa wawili wa kuandika, miye na Georgette. Georgette ni wa kabila ingine, ile ya wale walituchoma. Chef wetu, Anselme, akatutenganisha siku ya kwanza.

— Nikiwaweka mu chumba moja mutapigana. Kila mutu na mashini yake, huyu huku, huyu ng'ambo ya muto. Mashini itawaunganisha.

Aliona ni akili! Na siye tuliona ni amani. Miezi tano hatukusalimiana ata mara moja.

Kazi ilikuwa hivi. Liste ni moja. Kila mutu anabeba nakala yake, anaandika wiki nzima bila internet. Kila vendredi, siku ya Ijumaa, zile nakala mbili zinarudi kuwa moja. Nikiandika jina mupya huku juu, Georgette akiandika ingine kule chini, mashini inachukua yote bila kuuliza mutu. Lakini kama siye wawili tunabadilisha mustari moja, mashini haijue nani anasema kweli. Inasimama. Inatia mishale juu, inaandika yangu, inatia alama kama uzio katikati, inaandika yake, inatia mishale chini. Kuisha inangoja. Ni mutu njo atachagua, ao ataandika mustari ya tatu yenye iko kweli, halafu afute ile mishale.

Jospin, mufundi wa mashini, alitufundisha siku tatu. Ile somo ya mishale ilikuwa ya siku ya tatu, na siku ya tatu alikuya na njaa.

— Papa, ukiona mishale usiogope. Finya hapa, «yangu yote». Inapita.

— Na ile ya mwenzangu?

— Inabaki kule nyuma, haipotee. Finya tu, papa, utanikumbuka!

Namukumbuka. Namukumbuka kila siku, Jospin!

Vendredi moja mishale ilitokea pahali mingi. Chef Anselme alikuwa amesimama nyuma ya kiti yangu na funguo ya gari mukononi. Wageni walikuwa wanangoja liste, alisema ataonekana mutu ya bure mbele yao, mambo ya namna hiyo.

— Bado? Unasoma Biblia hapo?

Mustari ya kwanza ilikuwa ya Mave. Zamani iliandikwa: «Mama: haijulikane.» Ile wiki miye nilibadilisha: «Mama: alikufa, nilimuona.» Chini ya uzio, Georgette naye alibadilisha: «Mama: iko hai, anaishi kwa familia moja ya huku.»

Nilisoma zote mbili. Sitadanganya kama sikuona. Nilizisoma, na nikasikia damu inapanda. Mutu wa kwetu akae kwao, ale sahani moja na wale! Na huyu Georgette anifundishe miye wafu wangu! Miye njo nilikuwa pale. Miye njo nilipita mbele ya ile mulango.

Simu ilikuwa mu mufuko. Namba ya Georgette ilikuwa ndani. Na moto, ile pikipiki ya kukodi, kwenda ng'ambo ya muto ni dakika kumi.

Nilifinya «yangu yote». Mishale ikapotea. Mustari ikabaki safi kabisa, muzuri kwa macho. Chef akanipiga kofi kwa bega, akasema:

— Voilà!

Njo vile nilimuua.

Sasa murudi na miye ile asubui, Mama Mave amesimama na kitunga yake. Nilipiga simu Niania mbele yake. Mwanamuke mwenye alimulea ule mutoto alijibu.

— Mave? Ndugu, tulikaa matanga siku tatu. Alinyolewa kichwa. Kuisha akapanda camion ya mizigo, akasema mutu mwenye alikuwa anamungojea hayuko tena.

— Camion ya kwenda wapi?

— Camion ni camion, ndugu yangu. Nani anauliza musichana wa miaka kumi na saba!

Mama Mave alisikia yote, sauti ya simu ilikuwa inatoka kwa nguvu. Hakulia. Aliweka kitunga chini polepole.

— Nani alimuambia nilikufa?

Na hapa njo kosa ya pili, yenye inanikula kupita ile ya kwanza. Nilimujibu:

— Mashini, mama. Mashini ilikosa.

Aliinama, akaiangalia kwa karibu.

— Hii kitu ndogo hivi?

Akatoka. Kesho yake akarudi na Georgette, lakini mwenyewe akabaki inje. Ilikuwa mara ya kwanza Georgette anakalia kiti mbele yangu. Hakunitukana. Alifinya mahali moja tu, na historia ya liste ikatoka, juu ile mashini haisahau kitu. Nani aliandika, siku gani, saa gani, nani alifuta. Jina yangu ilikuwa pale, na dakika yake. Na mustari yake ilikuwa pale, nzima, «iko hai». Jospin hakudanganya, haikupotea. Ilikaa kule nyuma wiki mbili, na hakuna mutu aliangalia nyuma.

— Baba, hii mashini ilikuuliza, Georgette akasema. Ilisimama ikakungoja. Ilikuambia, hapa watu wawili wanasema mbalimbali. Haikukuambia nani muongo. Ilitaka tuzungumuze. Simu yangu ilikuwa wazi.

Nilitoa simu mu mufuko, nikaona namba yake ndani.

Kisha akaniambia ginsi Mama Mave alipona. Ile siku alikuwa ku kisima. Familia ya ile kabila ingine ilimuficha mu gala ya mahindi, na ni wao wanamulisha mpaka leo. Basi ule mwanamuke mbele ya mulango yake alikuwa mwingine. Mwenye kikwembe kama ile. Bibi yangu sijamuona tangu ile siku, na mu mustari yake ya liste nilikuwa naandika: «haijulikane.»

Hapo sitaendelea.

Weye mwenye unaandika majina ya watu, kwa mashini ao kwa daftari, unisikie. Maandishi mbili ikigongana, usichague ya kwako juu uliteswa. Miye niliteswa, na macho yangu ilinidanganya. Usichague juu chef amesimama nyuma yako. Amuka kwa kiti! Enda umuone mwenyewe, umuguse, umuulize. Kuisha andika.

Mama Mave bado anakuya kila lundi, Jumatatu. Georgette hakumuambia, alisema ni kazi yangu. Anauliza kama mashini ilisha kupona. Wenzangu wanaangalia chini, na miye naangalia chini.

Lundi yenye inakuya nitamuambia ni miye. Lakini sitakubali kukaa peke yangu kwa benchi ya wenye makosa. Jospin, unauza simu ku Ariwara, watu walikuona. Anselme, walikupandisha cheo, uko na bureau yenye pazia. Ulitutenganisha kwa amani yako, ukanisimamia kwa kichwa, na siku ule mama aliingia ulitoka na mulango ya nyuma! Mukuye wote wawili. Mama Mave hatafuti kuombwa musamaha wala sabuni ya musaada. Anataka mutu amuangalie kwa macho na amuambie nani alifanya matanga yake akiwa hai, na nani atapanda camion kumutafuta mutoto yake. Mukuye mumujibu!