Keekee ya Bi Thuwaiba

Bi Thuwaiba binti Masoud hakumwambia mtu kwa nini hakutaka seremala aingie nyumbani kwake. Alisema tu kwamba maseremala wa mjini wana maneno mengi. Lakini mlango wa chumba cha juu, alimofia mumewe, ulikuwa ukigonga kila siku baada ya adhuhuri, na majirani wa mtaa wa Kiponda walikwisha kuanza kuuliza.

Mumewe, Ghanim, aliugua miezi saba. Sauti ilipompotea kabisa, kitanda chake kikasogezwa karibu na mlango, akawa anaugonga kwa bakora mara tatu. Thuwaiba huitika "Naam," akapanda. Siku ile aligonga baada ya sala ya adhuhuri. Thuwaiba alikuwa amejilaza chini, hoi kwa uuguzi. Alimsikia. Akaitika "Naam," akafumba macho kidogo tu. Adhana ya alasiri ndiyo iliyomzindua. Alipanda mbio, akamkuta Ghanim amelala ubavu, mkono umenyooka kuelekea mlangoni, mwili ushapoa. Watu wakamwambia siku yake ilifika. Aliwaitikia, lakini chumba akakifunga, na kwa miaka miwili hakuingia.

Ndipo mlango ulipoanza. Mara tatu, kimya, mara tatu tena.

"Ni bawaba hiyo," alisema Wanu. Huyu alikuwa mwanamke wa Tumbatu, binti wa fundi wa kuunda vyombo vya baharini, ambaye kila wiki alimletea mikeka. "Ya chini imeng'oka, mbao imeoza penye parafujo. Itobolewe matundu mapya juu kidogo, ifungwe upya."

"Nani atatoboa?"

"Wewe, Bi Thuwaiba. Mie ntakushikia."

Akaitwa Mabrouk, mwuza zana kuukuu za mafundi kule Mlandege. Bi Thuwaiba hakuwa mtu wa kwenda sokoni, kwa hivyo Mabrouk alisimama uchochoroni, naye akamteremshia kikapu kwa kamba kutoka dirishani. Kwanza ilipanda mashine ya chuma ya kutobolea, yenye gurudumu la meno na mkono wa kuzungusha, inang'aa kwa mafuta.

"Imetoka Ulaya hiyo, bibi!" alipaza sauti Mabrouk. "Inatoboa hata jiwe!"

Wanu aliizungusha karibu na sikio. "Isikilize. Gurudumu linayumba. Na ncha imepigwa tupa mpaka imepinda. Itakupasulia mbao."

Thuwaiba mashine ilimpendeza kwa uzito wake, akataka kuijaribu kwenye kifuniko cha sanduku bovu. Ubao ulitoa moshi, kisha ukapasuka mstari mrefu. Mashine ikateremshwa. Ikapanda keekee ya upinde: mti wenye ncha ya chuma, kifuu cha kukandamizia juu, na upinde wa kamba ya ngozi. Wanu aliitazama ncha, akaipitisha ukuchani, akatikisa kichwa kukubali.

Kwa siku tatu Thuwaiba alijifunza kwenye kifuniko kile kile. "Usisukume," Wanu alimwambia. "Upinde uende wote, mpaka mwisho, urudi wote. Unga wa mbao ukitoka mweusi, ncha imekufa, tuinoe. Ukiwa mweupe, endelea."

Siku ya nne walipanda juu, wakaufungua mlango. Thuwaiba alipiga magoti kizingitini, mgongo ameupa chumba, akaanza kutoboa mwimo wa mlango. Unga mweupe ukamwagika mapajani. Kila upinde uliporudi alihisi kitanda kinamtazama kisogoni.

"Wanu, mna mtu humu?"

"Hamna mtu," alijibu Wanu, lakini hakugeuza kichwa kutazama.

Bawaba ikafungwa. Wanu aliutikisa mlango kwa mikono miwili, haukucheza hata kidogo.

Kesho yake, baada ya adhuhuri, ukagonga mara tatu.

Thuwaiba alipanda ngazi taratibu. Aliweka kiganja juu ya mbao. Ilikuwa imetulia, na hata hivyo kishindo kilipita chini ya kiganja chake, kama mtu yuko upande wa pili. Akafungua, akaingia, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Nilikusikia siku ile," alisema. "Nilikusikia, Ghanim, nikalala."

Alilia mpaka alasiri.

Mlango haukuacha kugonga. Ila tangu siku hiyo hakubaki chini tena. Hupanda, akakaa mle ndani, siku nyingine akashona kofia, siku nyingine hafanyi kitu.

Habari za keekee zilienea kwa wanawake. Huyu ana sanduku lililovunjika bawaba, yule ana dirisha lisilofunga. Bi Thuwaiba huenda na Wanu jioni, zana ndani ya kikapu. Matundu yake mengine yalikwenda upande, naye aliyacheka mwenyewe.

Mwaka ndui ilipoingia mjini aliitwa mtaa wa Malindi kwa Bi Tamima, aliyefiwa na binti yake mdogo. Tamima alimwonyesha mlango wa chumba cha mtoto.

"Nataka uufunge kwa parafujo juu na chini. Usifunguke tena."

Thuwaiba aliweka kikapu sakafuni. "Kitu chochote ntakutengenezea, mwanangu. Huu siufungi."

"Basi umekuja kunifaa nini?"

"Kuingia na wewe."

Tamima alifungua fundo la pindo la kanga. Akatoa ufunguo, wakaingia. Nguo za mtoto zilikuwa bado juu ya kitanda, kama zilivyoachwa. Tamima alianza kuzikunja, moja moja, na Bi Thuwaiba akawa anazipokea.